Maji Hurudi Yenyewe, Samadi Hubebwa

Mwaka wa tatu baada ya kuuza ng'ombe wa mama, mgomba ulio karibu kabisa na banda ulizaa mkungu ambao niliubeba kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika simu. Nikaupiga picha nikamtumia dada yangu aliyeko Dodoma. Baada ya dakika mbili akajibu: "Huo ni mkungu au ni kichana?"

Sisi ni watu wa Kibosho, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Mimi naishi mjini Moshi, kazi yangu ni ya mezani, nyumbani mlimani napanda Jumamosi, na zipo Jumamosi ambazo sipandi. Mama alipofariki alituachia kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo linalozunguka nyumba, nyumba yenyewe, na ng'ombe wawili wa maziwa ambao waliishi bandani maisha yao yote, kama ng'ombe wengi wa uchaggani. Nilikaa mezani na karatasi nikapiga hesabu. Upande mmoja mshahara wa kijana wa kukata majani, pumba, mashudu, dawa ya kupe, daktari wa mifugo. Upande wa pili maziwa. Maziwa yakashindwa, nikauza. Kwenye karatasi ile hapakuwa na mstari wa samadi, kwa sababu samadi haikuwahi kununuliwa wala kuuzwa pale nyumbani. Ilikuwepo tu, kama kivuli cha mringaringa kilivyokuwepo.

Mkungu ule nikausingizia mvua. Siku hizi ukitaka kukubaliwa upesi na mtu yeyote wa mlimani, laumu mvua. Nilimweleza hivyo baba mdogo, ambaye kihamba chake kinapakana na chetu, tumetenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya mpakani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo mvua inafika kwenye masale inasimama?"

Ng'ambo ya masale migomba yake ilikuwa imenona, mingine imepigiwa nguzo ili isianguke kwa uzito wa mikungu. Mvua ni ileile. Mfongo, yaani mfereji unaotupa maji, ni uleule. Yeye bado ana ng'ombe.

Tangu siku ile nimekuwa nikivifikiria vitu viwili vinavyopita shambani, maji na rutuba, na jinsi tulivyozoea kuvitaja kwa pumzi moja kana kwamba vinasafiri gari moja. Shuleni tulichora mzunguko wa maji: bahari, mvuke, wingu, mvua, mto, bahari, mishale ya bluu imezunguka vizuri. Mzunguko wa naitrojeni ulikuwa kurasa chache mbele, una mishale mingi zaidi, na mwalimu aliupita mbio kwa sababu haukuwa na kawaida ya kutoka kwenye mtihani. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuuza ng'ombe.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Aliyesema hivyo hakuishi chini ya Kilimanjaro, maana mlima huu kazi yake ni kuzoa maji yaliyomwagika baharini. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, upepo unasukuma hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi mpaka inagonga upande wetu wa kusini. Hewa haina pa kupita ila juu. Ikipanda inapoa, ikipoa inashindwa kubeba mvuke wake, inatua mzigo. Moshi mjini, kwenye mita takriban 800 juu ya usawa wa bahari, kwa mwaka tunapata mvua isiyofika milimita 1,000. Panda mpaka msituni, juu ya mita 2,000, mvua inakuwa zaidi ya maradufu. Endelea kupanda na mvua inaanza kupungua tena, mpaka kule kileleni, Kibo kwenyewe, mita 5,895, ni jangwa lenye barafu. Aliyewahi kupanda anaijua hali hiyo kwa viatu vyake: siku ya kwanza matope, siku ya nne vumbi.

Mtu wa Moshi anayaona haya bila kipimo chochote. Asubuhi Kibo iko wazi, unaweza kuhesabu mikunjo yake. Kufika saa nne, saa tano, mlima umeshajifunika. Wageni wanakaa hotelini wanalalamika hawauoni mlima walioufuata. Wangejua kwamba wanaangalia mtambo ukiwa kazini wangelalamika kidogo tu.

Hapa nitamgusa mtu. Nilikua nikiamini, na bado nawasikia watu wazima wakiwaambia watalii, kwamba mito yetu inatoka kwenye theluji ya Kibo. Barafu ile imepungua kwa takriban asilimia 85 tangu mwaka 1912 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kama mito ingekuwa inaitegemea, Karanga na Weruweru tungeshazisoma kwenye historia. Tena sehemu kubwa ya barafu ya kule juu haiyeyuki hata kuwa maji. Hewa ni kavu na jua ni kali kiasi kwamba inageuka mvuke moja kwa moja na kwenda zake. Maji tunayokunywa, kwa sehemu kubwa kabisa, ni mvua iliyonyesha msituni na kuzama ardhini.

Na msitu haungoji mvua tu. Nilipokuwa kidato cha pili tulipelekwa matembezi mpaka ndani kidogo ya msitu, siku ambayo mvua haikunyesha hata tone. Miti ilikuwa imevaa ndevu za mzee na yale majani madogo laini yanayofunika magome kama sufu. Mwenzangu mmoja alibandua bonge la sufu ile, kubwa kama ngumi, akalikamua. Maji yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko, yakaingia ndani ya sweta. Alikuwa amekamua ukungu. Wingu linapopita kati ya matawi, kila jani na kila unywele unakwangua matone yake, na matone yanashuka kimyakimya. Ukikata miti hiyo, au ukiichoma, wingu litapita vilevile lakini halitaacha kitu. Ndiyo maana moto wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022 uliniumiza kuliko habari zote za barafu. Tulisimama Moshi tukitazama moshi mlimani, na mtu aliyekuwa karibu yangu akasema afadhali unachoma nyasi za juu tu. Nyasi za juu! Miongo na miongo sasa moto umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu, ukila ile miti mifupi inayokwangua ukungu.

Chini ya msitu ndiko maji yanakotokea tena, chemchemi moja hapa, nyingine kule, na ndiko babu zetu walikoyapokea wakayaelekeza kwenye mifongo. Kuhusu mifongo watu wengi wameandika, mimi nitasema jambo moja la alfajiri. Zamu yetu ilikuwa saa kumi usiku. Unashuka na tochi, unatoa bonge la udongo na maganda ya mgomba yaliyoziba mdomo wa mfereji, na maji yanaingia shambani kwa sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto. Huyaoni, unayasikia yakifika. Kwanza yanazama yote kwenye mgomba wa kwanza, kama vile hayakuwepo, halafu ghafla yanatoka upande wa pili na kuufuata wa pili. Mama alikuwa anajua kwa kusikiliza yamefika mgomba wa ngapi.

Wataalamu wanaotaka mifongo yote isakafiwe kwa saruji wana hoja, maana mfereji wa udongo unavuja sana njiani. Lakini swali la baba mdogo linafaa hata hapa: yakivuja yanasimama wapi? Yananywewa na masale, na migrivea, na magimbi yaliyojiotea kando ya mfereji. Mengine yanazama na kuibukia kwa jirani wa chini kama kachemchemi kasiko na mwenyewe. Yaliyonywewa na miti yanarudi hewani kupitia majani. Mimi kwa mfongo wetu nisingeleta saruji, ila najua wa chini kabisa, ambaye maji humfikia wiki mbili kwa mwezi, ana haki ya kunizomea.

Kutoka kwetu maji yanashuka. Karanga inaungana na Weruweru, Weruweru na Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu inakokutana na Ruvu (si Ruvu ile ya Pwani, hii ya kwetu inatoka Ziwa Jipe). Kutoka hapo ni mto Pangani, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, kisha unamwagika baharini. Na masika yajayo maji yapo tena juu ya Kibosho, saa nne asubuhi, hakuna aliyeyalipia nauli. Jua limeyabeba bure.

Sasa rutuba.

Chukua fosforasi, ambayo bila hiyo mzizi haukui na ua halishiki. Ikishuka na mto haitapanda na wingu, kwa sababu haigeuki mvuke. Potasiamu vivyo hivyo, na hiyo ndiyo mgomba unayoipenda kuliko vyote. Jua lina nguvu za kuinua bahari nzima hewani, lakini halitakurudishia kijiko kimoja cha potasiamu kutoka Pangani. Kwa hiyo kwenye mlima kila kitu chenye rutuba kina hamu moja tu, kushuka. Kinashuka na maji ya mvua, kinashuka na udongo uliochimbika, kinashuka na gari la ndizi. Kikipanda, kimebebwa.

Naitrojeni peke yake ndiyo yenye tabia ya maji. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hivyo, ni kama kukaa na njaa katikati ya ghala lililofungwa. Radi inafungua kidogo. Wanaofungua kwa bidii ni bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya jamii ya kunde. Ng'oa mharage unaokaribia kutoa maua, taratibu usikate mizizi, ukung'ute udongo. Utaona vinundu vidogo kama mbegu za ulezi vimeng'ang'ania. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, kama nyama, kiko kazini. Kikiwa cha kijivu au kijani, kimestaafu. Niliwaonyesha watoto wa dada yangu Krismasi iliyopita, wakamaliza tuta zima la maharage ya baba mdogo wakitafuta vyekundu, na ikabidi nikaombe msamaha.

Naitrojeni hiyohiyo inajua na kutoroka. Ile harufu inayochoma macho ukifungua banda lililokaa bila kusafishwa ni amonia, yaani naitrojeni ya shamba lako inapaa mbele ya pua yako. Mama alikuwa anatandika majani makavu ya mgomba bandani kila jioni, nami nilidhani ni huruma kwa ng'ombe, walale pakavu. Huruma ilikuwepo. Lakini majani yale yalikuwa yananyonya mkojo, na mkojo ndio wenye naitrojeni nyingi. Asubuhi yalikusanywa yote yakatupwa kwenye shimo la samadi, yakafunikwa. Mwezi wa sita, baridi ya Kibosho ikiwa imekaza, shimo lile lilikuwa linafuka mvuke. Ukizamisha mkono ndani kiasi cha kiwiko unakuta joto la kumpikia mtu chai, nisamehewe kwa kutia chumvi. Ni vijidudu vinakula, na wanaokula wanatoa joto. Ukisubiri miezi kadhaa unapata kitu cheusi, chepesi, kisichonuka chochote isipokuwa mvua.

Na majivu ya jikoni hayakumwagwa ovyo. Yalikwenda shinani mwa mgomba, leo huu, kesho ule. Mama hakuwahi kutamka neno potasiamu maishani mwake.

Mgomba ukishazaa unakatwa, kwa sababu hauzai mara ya pili. Wakati wa kiangazi shina lake linakatwakatwa vipande na kupewa ng'ombe, maana lina maji mengi kuliko kitu kingine chochote, ng'ombe anakula na kunywa kwa pamoja. Linalobaki linalazwa chini kando ya mche mdogo, linaoza, mchwa na minyoo wanalimaliza. Mtu wa nje akiona kihamba anaona vurugu: mgomba, mbuni, mringaringa, magimbi, viazi vikuu vimepanda juu ya mti. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wamekitambua kihamba cha Shimbwe Juu, jirani zetu wa Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na mara nyingi sifa tunazopewa ni kwamba mfumo huu unajitosheleza, kinachotoka kinarudi, karne na karne.

Hapo ndipo nina ugomvi kidogo. Kihamba hakijawahi kujitosheleza. Nilikuwa na bibi.

Bibi alikuwa na shamba la chini, kule tambarare, la mahindi na maharage. Nyumba iko juu. Kutoka shamba la chini hadi nyumbani ni mita kama mia sita za kwenda juu, na sizungumzii urefu wa njia, nazungumzia kupanda. Akishuka asubuhi alishuka na jembe na ndizi za kuchoma. Akirudi alirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, au mabua ya mahindi, umefungwa kamba, juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Wanawake wa enzi zake walipanda kwa mstari, na ukiwa juu unaona mizigo inakuja barabarani, watu hawaonekani. Wengine walikwenda juu badala ya chini, kwenye ile nusu maili, ukanda wa msitu ambao tangu mwaka 1941 uliachiwa wananchi wapate kuni na majani. Ila wengi walishuka. Na katika mizigo hiyo hiyo kulikuwa na magadi, ya ng'ombe na ya kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, nayo yametoka tambarare.

Mahindi yakivunwa bua linabaki na rutuba yake. Nyasi zikikatwa bondeni zimeshanyonya fosforasi na potasiamu ya bondeni. Vyote hivyo vilipita tumboni mwa ng'ombe wa Kibosho na kuishia kwenye shina la mgomba wa Kibosho. Mara tatu nne kwa wiki, mwaka mzima, miaka arobaini. Mlima ulikuwa unajazwa upya kwa shingo. Tukisema udongo wa volkano una rutuba isiyoisha tunasema nusu ya ukweli. Jiwe la volkano lina vitu vingi vizuri ndani, lakini linavitoa kwa mwendo wa jiwe, na sisi tunavuna kwa mwendo wa njaa na ada za shule. Pengo la katikati alilijaza bibi, na alipozeeka akaumwa shingo tukampaka dawa ya misuli tukamwambia apumzike.

Sasa geuza kamera uangalie kinachoondoka. Zamani kilichoondoka kihambani ni kahawa, na kahawa ina ujanja wake: watu walimenya nyumbani kwa mashine ya mkono, ganda jekundu likabaki shambani, ikaondoka mbegu tu. Ganda ndilo lililojaa potasiamu. Siku hizi tunauza ndizi, na ndizi inaondoka yote, na ganda lake, na kikonyo chake. Nilipiga hesabu nyingine, safari hii bila haraka. Kilo moja ya ndizi iliyomenywa ina takriban gramu tatu na nusu za potasiamu. Mkungu wa kilo 30, ukitoa maganda na kikonyo, tuseme unabaki kilo 18, hizo ni gramu sitini na ushee. Fuso likibeba mikungu 200 limeondoka na kilo kumi na mbili za potasiamu ya mlima, bila kuhesabu maganda. Ni kama nusu ya potasiamu iliyomo kwenye mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya potashi. Kila Fuso. Simama jioni kwenye soko la Mwika siku ya gulio uhesabu magari.

Zikifika Dar zinashushwa Mabibo, zinaliwa, maganda yanakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na kinachobaki kinaishia shimo la choo. Sisemi watu wa Dar wasile ndizi. Nasema kuna sehemu ya Kibosho imezikwa Pugu.

Inayoshuka kwa mto nayo ina mambo yake. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa miaka ya 1960 na maji yakafunika nyasi na vichaka, vilioza, rutuba ikalipuka majini, mwani ukala, perege wakala mwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu walikimbilia kule kuvua kama waendao kuchimba dhahabu. Karamu haikudumu. Rutuba ya kwanza ilipokwisha, na nyavu zilivyokuwa zimejaa, samaki wakapungua sana. Na chini ya bwawa, kinamasi cha Kirua, kilichozoea kupokea mafuriko na tope lake kila masika, kikasinyaa kwa sababu mafuriko yalizuiwa juu. Tope lile la mlimani sasa linatua bwawani.

Kuna mahali pamoja ambapo fosforasi ilipanda kutoka majini bila kubebwa na mwanadamu, na kila nikipita barabara ya Arusha kwenda Babati huwa naangalia dirishani nipaone. Ni Minjingu. Zamani sana Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa. Ndege wala samaki walivua ziwani na kulala pale. Kinyesi chao, mifupa ya samaki, na ndege wenyewe walipokufa, vilirundikana mpaka vikawa mwamba. Leo mwamba huo unachimbwa, unasagwa, unatiwa kwenye mifuko na kuuzwa kama mbolea. Ziwa lilimeza fosforasi, samaki wakaikusanya, ndege wakaipandisha nchi kavu. Kazi ya bibi kabisa, ila wao walikuwa na mabawa.

Basi mwaka huu, kabla ya masika, nikaamua kununua samadi. Ng'ombe sijarudisha, bado sina wa kumkatia majani na sitaki kumdanganya mtu. Kwenye boma za wafugaji tambarare za kuelekea Sanya samadi imelala miaka mingi, imekauka, imegeuka unga, na wapo vijana wanaoipakia kwenye malori na kuiuza mlimani. Nikampigia mmoja. Akataja laki tatu kwa Canter moja. Nikashtuka, nikamwambia, ndugu yangu, hiki ni kinyesi.

"Bosi, kinyesi nakupa bure," akasema. "Unalipia mlima. Njoo na gari lako uchukue."

Nililipa.

Canter lilifika Jumamosi saa tisa alasiri, likinguruma kwenye gia ya kwanza, utingo anakimbia nyuma na jiwe la kutia tairi. Wingu lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye kanisa. Nikawaambia tushushe getini tu, tutaisambaza kesho kwa toroli. Baba mdogo alikuwa upande wake anafunga mgomba nguzo. Alitazama mahali rundo lilipowekwa, akatazama juu, akaendelea kufunga mgomba wake.

Mvua ilianza kabla utingo hajamaliza kufunga ubao wa nyuma. Si ile ya kuanza na matone, ilikuja yote. Ndani ya dakika tano rundo la laki tatu lilianza kutoa mto wa rangi ya chai ya rangi, ukapita mbele ya banda tupu, ukakata kona, ukaelekea bondeni, yaani kwenye masale. Nilikimbia na koleo nikachimba mfereji upande wa pili. Maji yakauruka. Nikaburuta shina la mgomba lililooza nikaliweka kama boma, likaelea.

"Inakuja kwako, baba mdogo!" nikapiga kelele.

"Naiona." Alikuwa amesimama chini ya jani la mgomba, mikono ameiweka nyuma, maji ya rangi ya chai yanapita katikati ya viatu vyake kwenda kwenye migomba yake. "Ulidhani yenyewe inasimama kwenye masale?"

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akainama, akapenyeza jembe lake chini ya masale, mpini ukitangulia upande wangu, akasema nianze kuchimba kutoka juu, kwenye kona ya banda, si pale nilipokuwa.